Mfupa wa jino ulioliwa na ugonjwa wa fizi: hatua za kupitia kabla ya kukubali kung'olewa au kuoteshewa

Umekwenda kwa daktari wa meno kwa sababu fizi zinatoka damu, au jino moja limeanza kucheza. Amepiga picha, akaitazama, akakuambia mfupa umeliwa. Ukitoka hapo, ushauri wa mtaani ni wa aina mbili: kaling'oe, au kanunue dawa fulani ya kusukutua inayorudisha mfupa. Ule wa kwanza mara nyingi una haraka isiyo na sababu. Wa pili ni uongo mtupu. Hakuna dawa ya kusukutua, kidonge cha kalisi, mafuta ya karafuu wala dawa ya mswaki inayootesha mfupa uliokwisha kuliwa.

Ipo njia ya tatu, nayo ni upasuaji wa kuotesha upya mfupa pamoja na nyuzi zinazolishika jino. Unafanya kazi, na umekuwepo tangu miaka ya 1980. Lakini hauwafai watu wote wala meno yote, na sehemu kubwa ya kufaulu kwake huamuliwa kabla hujalala kwenye kiti cha upasuaji. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mgonjwa, ili ajue aulize nini, asubiri nini, na pesa yake aitoe wakati gani.

Kwanza, kilichopotea ni nini hasa

Jino halijagandana na taya moja kwa moja. Kati ya mzizi na mfupa zimo nyuzi fupi fupi, upande mmoja zimezama kwenye ganda jembamba la mzizi na upande wa pili kwenye mfupa. Ukoga usipoondolewa ukingoni mwa fizi hugeuka ugaga, bakteria hushuka chini, na mwili katika kupambana nao huanza kuyeyusha mfupa wake wenyewe. Nyuzi zinakatika, fizi inaachana na mzizi, na hapo katikati panabaki nafasi ambayo madaktari huiita mfuko.

Kinachozuia mfupa kurudi wenyewe ni mwendo wa seli. Mzizi ukishasafishwa, ngozi ya fizi huota haraka sana, huteremka kandokando ya mzizi na kuukalia kabla seli za nyuzi na za mfupa hazijafika. Jeraha linafunga vizuri, lakini mzizi haujashikwa na kitu. Mwaka 1976 mtafiti Melcher alitoa hoja kwamba aina ya seli zitakazoufikia mzizi kwanza ndiyo itakayoamua aina ya uponaji. Mwaka 1982 Nyman, Lindhe, Karring na Rylander, kutoka Gothenburg nchini Uswidi, wakachapisha habari ya jino la binadamu lililowekewa kizuizi chini ya fizi, ngozi ikazuiwa, na nyuzi mpya zikaota kwenye mzizi uliokuwa mgonjwa. Karibu kila mbinu utakayotajiwa leo inajaribu kutimiza jambo lile lile: kuzipa seli za polepole nafasi na muda.

Hatua ya 1: Dai vipimo vyenye namba

"Mfupa umeisha" si kipimo. Daktari anatakiwa achukue kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita na kukiingiza taratibu kati ya fizi na jino, sehemu 6 kuzunguka kila jino. Utamsikia akimtajia msaidizi wake namba: tatu, mbili, tatu, tatu, mbili, saba. Sikiliza kwa makini. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Milimita 4 na 5 ni mfuko unaohitaji kuangaliwa. Kuanzia 6 ni mfuko mzito. Na pale inapotajwa 7 ghafla kando ya 2, inawezekana kuna shimo la kwenda chini upande mmoja tu wa jino. Hilo, kama tutakavyoona, ni habari njema kiasi.

Pamoja na namba hizo, omba haya:

- Picha za eksirei ndogo za meno yenye matatizo, jino moja moja. Ile picha kubwa ya taya zima ni nzuri kwa kuona kinywa chote, lakini mashimo membamba ya mfupa hayaonekani vizuri humo.
- Jino lipimwe kama bado liko hai, kwa baridi au kwa umeme mdogo. Wakati mwingine mfupa umeliwa kwa sababu kiini cha jino kimekufa na usaha unatafuta njia. Jino la namna hiyo hutibiwa mizizi kwanza. Ukiliotesha mfupa huku ndani limeoza, umetupa pesa.
- Kiwango cha kucheza kwa jino kiandikwe.
- Nakala ya vyote hivi. Ni haki yako, na utaihitaji baadaye.

Kwenye ripoti unaweza kukuta ugonjwa umepewa daraja la I hadi IV na herufi A hadi C. Ni mpangilio uliokubaliwa kimataifa na kuchapishwa mwaka 2018. Namba inaeleza uharibifu umefika wapi na matibabu yatakuwa magumu kiasi gani, na herufi inaeleza kasi yake, huku sigara na kisukari vikiipandisha.

Hatua ya 2: Tibu ugonjwa, usikimbilie mfupa

Hapa ndipo wagonjwa wengi wanaona wanacheleweshwa. Hawacheleweshwi. Mfupa hauoti kwenye usaha, na daktari anayekupangia upasuaji wa kuotesha siku ile ile aliyokuona mara ya kwanza, kabla ya kukusafisha na kukupima upya, ni wa kumkimbia.

Matibabu ya msingi yana sehemu mbili, yako na yake. Yako ni kinywa cha kila siku. Kupiga mswaki mara mbili kwa siku hakutoshi mtu mwenye mifuko, kwa sababu brashi haifiki katikati ya meno, na ugonjwa wa fizi unapenda kuanzia huko huko. Unahitaji vile vibrashi vidogo vya kupenyeza katikati ya meno, vya ukubwa unaolingana na nafasi zako, na mara nyingi utahitaji ukubwa zaidi ya mmoja. Uzi wa meno unafaa pale tu nafasi zilipobana. Mswaki wa mti nao si ushamba, hata Shirika la Afya Duniani liliukubali kwa watu waliouzoea, lakini una upungufu ule ule: hauingii katikati. Endelea nao ukipenda, na vibrashi uviongeze.

Ya daktari ni kusafisha chini ya fizi, kwa ganzi, mpaka mizizi iwe laini. Hufanywa kwa chombo cha mtetemo, kwa vyuma vya mkono, au vyote viwili, kwa ziara moja ndefu au kwa kugawa kinywa vipande.

Kuna imani iliyozagaa kwamba kusafishwa meno kunayalegeza. Imetokana na jambo la kweli lililosomwa vibaya. Ugaga mwingi huunganisha meno yaliyokwisha kulegea yakaonekana imara. Ukiondolewa, ulegevu uliokuwepo siku zote ndio unaojitokeza. Vilevile fizi zilizovimba zikipona hunywea, meno yanaonekana marefu, nafasi zinafunguka, na maji baridi yanauma kwa wiki kadhaa. Hakuna kilichoharibiwa hapo. Kwa kawaida meno huanza kukaza kadiri uvimbe unavyoisha.

Usijinunulie amoksisilini na metronidazoli dukani. Antibiotiki hazitolewi kwa kila mwenye ugonjwa wa fizi. Daktari huzitumia kwa wagonjwa wachache maalumu, tena sambamba na kusafisha, si badala yake.

Kisha yako mambo mawili yanayoweza kuzuia upasuaji kabisa. La kwanza ni tumbaku. Wavutaji hupata mfupa kidogo zaidi na jeraha lao hufunguka kirahisi zaidi, na madaktari wengi hukataa kumfanyia mvutaji sugu upasuaji huu. Shisha haina msamaha. La pili ni kisukari. Pima HbA1c, kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu. Wengi hutaka iwe karibu na asilimia 7 au chini yake kabla ya kupasua. Kama hujawahi kupima sukari na fizi zako zimeharibika kuliko umri wako, pima. Wapo watu waliogundulika kisukari kupitia kiti cha daktari wa meno.

Hatua ya 3: Rudi upimwe upya

Baada ya takriban miezi 3, vipimo vyote sita kwa kila jino vinarudiwa. Hii ndiyo siku ya uamuzi, wala si siku ya kwanza.

Utashangaa mifuko mingapi imefunga yenyewe. Iliyobaki milimita 4 au 5 kwa kawaida husafishwa tena bila kupasuliwa. Wanaoingia kwenye mazungumzo ya upasuaji ni wale waliobaki na milimita 6 na kuendelea, na kwa kuotesha hasa, mwongozo wa Shirikisho la Ulaya la Periodontolojia (la wataalamu wa fizi) wa mwaka 2020 unataja shimo la mfupa lenye kina cha milimita 3 au zaidi. Hata mashimo membamba wakati mwingine hujijaza kiasi kwa usafi peke yake. Ukikimbilia kisu, hutajua kama hukukihitaji.

Siku hiyo pia daktari atahesabu ukoga na damu ya kinywa kizima. Wengi wanataka sehemu zenye ukoga ziwe chini ya asilimia 20 au 25. Ukiwa juu ya hapo, usikasirike ukiambiwa urudi nyumbani ukafanye mazoezi ya vibrashi. Daktari huyo anakulindia pesa.

Hatua ya 4: Jua umbo la shimo

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, basi iwe hii.

Mfupa huliwa kwa namna mbili kubwa. Namna ya kwanza ni kushuka kwa usawa: ukingo wote wa mfupa unateremka pamoja, meno matano sita kwa mpigo, na kwenye picha unaona mstari ulionyooka uliosogea chini kuelekea ncha za mizizi. Mfupa wa namna hii haurudishwi kwa njia zilizopo leo. Hakuna pa kuuwekea wala kuta za kuuzalisha. Matibabu yake ni kusafisha, kupunguza mifuko kwa upasuaji wa kawaida ikibidi, na kuutunza uliobaki. Na ndiyo namna ya kawaida zaidi, ndiyo maana watu wengi wanaoulizia kuotesha huambiwa hapana.

Namna ya pili ni shimo la wima. Mfupa wa jirani uko juu, halafu kandokando ya mzizi mmoja pamechimbika kwenda chini, kwenye picha panaonekana pembe nyeusi iliyochongoka. Shimo hili lina kuta za mfupa zilizobaki, na idadi ya kuta ndiyo inayotabiri matokeo. Uji ukiumimina kwenye bakuli unatulia, ukiumimina kwenye sinia unasambaa: shimo lenye kuta tatu hushika damu iliyoganda na kuituliza mpaka igeuke tishu, lenye ukuta mmoja haliishiki. Kuta mbili ziko katikati, na hapo ustadi wa daktari na nyenzo alizochagua vina uzito zaidi.

Upana nao una maana. Shimo jembamba, lenye pembe ya nyuzi 25 au chini kwenye picha, hujaa vizuri kuliko lililopanuka kupita nyuzi 37. Kina kirefu hakitishi kama watu wanavyodhani. Shimo refu na jembamba lina nafasi kubwa ya kupata mfupa kuliko fupi na pana.

Magego yana habari yake. Yana mizizi miwili au mitatu, na mfupa ukiliwa hadi kwenye panda ya mizizi, usafi unakuwa mgumu. Panda iliyofunguka upande mmoja bila kutokeza wa pili, hasa kwa gego la chini, inaweza kuoteshwa. Ile ambayo kijiti kinapita tundu hadi upande wa pili, matumaini ya kuotesha ni madogo sana, na hapo zinajadiliwa njia nyingine.

Kundi moja linahitaji kutazamwa kwa namna yake: vijana. Kuna aina ya ugonjwa wa fizi inayoanza wakati wa balehe au muda mfupi baadaye, inayokula mfupa wa magego ya kwanza na meno ya mbele huku fizi kwa nje zikionekana nzuri na ukoga ukiwa kidogo. Huonekana zaidi kwa watu wenye asili ya Afrika kuliko wengine. Mashimo yake mara nyingi ni ya wima na marefu, yaani yale yale yanayokubali kuoteshwa. Kijana wa miaka 16 mwenye gego la kwanza linalocheza asiishie kung'olewa kwenye zahanati. Apimwe, na ndugu zake wa tumbo moja wapimwe pia, maana hutembea katika familia.

Jino linalocheza sana si lazima liondolewe, ila hufungwa kwanza na majirani zake kwa waya au kwa dawa ya kuzibia meno, kwa kuwa damu iliyoganda kando ya mzizi unaotikisika haitulii.

Hatua ya 5: Nyenzo, na zimetoka wapi

Kliniki zinapenda kutangaza nyenzo. Mimi naona zinazungumzwa kupita uzito wake. Mchagua jembe si mkulima. Lakini unapaswa kujua unawekewa nini mwilini, hasa kama una miiko ya dini.

Utando wa kizuizi. Tando za mwanzo hazikuyeyuka, zilihitaji upasuaji wa pili wa kuzitoa. Siku hizi nyingi ni za kolajeni na huyeyuka zenyewe. Kolajeni hiyo hutoka kwa nguruwe au kwa ng'ombe, kutegemea mtengenezaji. Bio-Gide, ambayo ni maarufu, ni ya nguruwe.

Jeli ya protini za enameli, lile tabaka gumu la nje ya jino. Jina lake la biashara ni Emdogain, iligunduliwa Uswidi na imekuwa sokoni tangu miaka ya 1990. Hupakwa kwenye mzizi uliosafishwa na kuuamsha uote ganda jipya na nyuzi. Ni mojawapo ya nyenzo zilizofanyiwa utafiti mwingi zaidi. Hutengenezwa kutokana na vijimeno vya nguruwe vilivyokuwa bado vinaota.

Unga wa mfupa. Waweza kuwa wako mwenyewe, uliokwanguliwa jirani na jeraha; wa binadamu aliyejitolea, uliosafishwa kiwandani; wa ng'ombe, kama Bio-Oss; au wa kutengenezwa, kama kalisi fosfeti. Kazi yake kubwa ni kuzuia fizi isizame kwenye shimo pana.

Vichocheo vya ukuaji. Marekani ilikiruhusu kimojawapo mwaka 2005, kwa jina la GEM 21S, na Japani ikaruhusu kingine mwaka 2016. Ni ghali, na katika kliniki nyingi za kwetu hutavikuta.

Damu yako mwenyewe. Inatolewa mkononi kama ya kipimo, inazungushwa kwenye mashine dakika kadhaa, na juu yake inajitenga tabaka ya manjano inayovutika, yenye chembe sahani na chembe nyeupe. Mbinu hii ilielezwa Ufaransa mwaka 2001. Ni nafuu, haina swali la mnyama, na ukilinganisha na kupasua na kusafisha tu, tafiti zinaonyesha inaongeza. Udhaifu wake ni kwamba kila kliniki inazungusha kivyake, kwa hiyo ushahidi haujakaa sawasawa kama wa jeli na utando.

Muislamu asione haya kuuliza "hii imetoka kwa mnyama gani?" kabla ya kusaini fomu, na si akiwa tayari na ganzi. Mhindu naye ana haki hiyo hiyo kuhusu ng'ombe. Wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa hoja ya dharura au ya kitu kugeuka asili yake, wapo wasioruhusu. Hilo lipeleke kwa unayemwamini. Kwa upande wa tiba, mbadala upo karibu kila mara, na daktari anayekujibu kwa dharau kwamba "haina tofauti" hajakujibu.

Ukilinganisha na upasuaji wa kusafisha bila kuotesha, kuotesha huongeza mshikamano, yaani urefu wa mzizi ulioshikwa, kwa wastani wa milimita 1.3 hivi katika mashimo yanayofaa. Jumla ya mshikamano unaopatikana mara nyingi hufika milimita 3 au 4. Sikia vizuri: mfupa haurudi kama wa ujanani. Unalirudisha jino kutoka kwenye hali isiyotibika hadi kwenye hali unayoweza kuitunza.

Hatua ya 6: Kabla ya kulipa

Muulize daktari: shimo langu lina kuta ngapi, unatarajia mfuko ubaki milimita ngapi, umefanya upasuaji wa namna hii kwenye meno ya namna hii mara ngapi, na ukishindikana tutafanya nini? Uliza bei ya jino, nyenzo zikiwemo, pamoja na ziara za usafi za mwaka mzima, kwani hizo watu huzisahau. Bima yako iulize kwa maandishi, maana inawezekana kabisa ikalipa kung'oa na kukataa kuotesha.

Kazi hii ni ya mtaalamu wa fizi, au daktari wa meno aliyejifunza upasuaji huo hasa. Usipomjua, shule za udaktari wa meno ndizo pa kuanzia kuulizia: MUHAS (chuo kikuu cha afya cha Muhimbili) kwa Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Nairobi, Makerere kwa Kampala.

Mweleze dawa zote unazotumia. Za kuyeyusha damu usiziache kwa uamuzi wako. Kama umewahi kupewa dawa za kuimarisha mifupa, za kumeza au za sindano, kwa ajili ya mifupa kuwa hafifu au saratani, taja hata kama ni zamani, kwani zinaweza kuzuia mfupa wa taya kupona baada ya kukatwa. Mjamzito asubiri hadi ajifungue.

Kwa wanaofunga, usipange upasuaji ndani ya Ramadhani wala wiki mbili kabla yake. Utahitaji dawa za maumivu, maji, na kusukutua kwa saa zake.

Hatua ya 7: Siku yenyewe

Kula kawaida kabla ya kwenda, kunywa dawa zako za presha kama kawaida, nenda na mtu. Ni ganzi ya sindano tu, huhitaji kulazwa.

Daktari atakata fizi kwa mkato mdogo, akiihifadhi ile pembetatu ya fizi iliyo kati ya meno, maana ndiyo itakayofunika kazi yake yote. Ataifungua kidogo, akwangue nyama laini iliyojaa shimoni, asafishe mzizi mpaka uwe mgumu na laini. Utahisi msukumo na kusikia mkwaruzo, hutahisi maumivu. Ukiyahisi sema, ganzi iongezwe. Kama ni jeli, mzizi hupakwa kwanza kimiminika cha kuuondolea uchafu uliobaki, kwa dakika 2, ukasuuzwa, kisha jeli ikapakwa haraka kabla damu haijaufunika. Halafu unga au utando ikihitajika, na mwisho fizi inashonwa kwa nyuzi nyembamba sana. Mshono ndio wenye kazi: fizi zikikutana bila kuvutwa, damu iliyoganda chini yake inakaa salama.

Hatua ya 8: Wiki za mwanzo

Barafu kwa nje siku ya kwanza, dakika chache kwa kupokezana. Dawa za maumivu kama ulivyoandikiwa. Uvimbe kidogo hadi siku ya pili au ya tatu ni wa kawaida.

Sehemu iliyoshonwa usiipige mswaki wala kuigusa kwa ulimi au kidole mpaka uruhusiwe. Badala yake sukutua kwa klorheksidini ya asilimia 0.12 au 0.2, mara mbili kwa siku, kwa wiki kadhaa. Inatia meno rangi ya kahawia na kubadilisha ladha ya chakula. Rangi hiyo huondolewa kliniki baadaye, kwa hiyo usiiache dawa kwa sababu ya kioo. Meno mengine yote endelea kuyapiga mswaki.

Kula vilaini na visivyo vya moto: uji, mtori, viazi vya kuponda, maharage yaliyoiva sana. Mahindi ya kuchoma, mihogo ya kukaanga, bisi, karanga na kutafuna mifupa viache kabisa, na upande ule usitafunie. Bisi ndizo mbaya kuliko zote, kile kiganda chake kinaingia chini ya mshono na hakitoki.

Nyuzi za mshono hutolewa baada ya wiki 1 hadi 2. Vibrashi vya katikati hurudishwa taratibu, mara nyingi baada ya wiki 4 hivi, kwa maelekezo ya daktari.

Piga simu kliniki siku hiyo hiyo ukiona damu isiyokoma baada ya kukandamiza kwa pamba safi dakika 20, usaha, homa, au uvimbe unaoongezeka baada ya siku ya tatu. Ukiona kitu cheupe kama karatasi kimejitokeza kati ya fizi, huenda ni utando. Usiuvute wala kuukata, nenda ukaonwe.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza, na inayofuata

Kijiti cha kupimia kisiingizwe kwenye jino lile kabla ya miezi 6. Kinachoota chini ni kichanga, na kukichoma ni kukivunja. Ukihamia kliniki nyingine katika kipindi hicho, wewe ndiye wa kuwaambia. Picha hurudiwa kati ya miezi 6 na 12, na mfupa huendelea kukomaa hata baada ya hapo.

Matokeo mazuri ni mfuko wa milimita 4 au chini, usiotoka damu ukiguswa. Nafasi nyeusi kati ya meno huenda ikabaki, na fizi huenda ikawa imenywea kidogo. Kama lengo lako lilikuwa tabasamu la kwenye picha, ulipaswa kulisema mwanzoni.

Usafi wa kliniki unaendelea, kila miezi 3 mwaka wa kwanza, baadaye kulingana na hali yako. Tafiti zinarudia jambo hili bila kuchoka: mfupa ulioota hukaa miaka mingi kwa anayehudhuria, na hupotea kwa aliyeacha. Cortellini na wenzake wa Italia walichapisha mwaka 2020 matokeo ya miaka 10 kwa wagonjwa wenye jino ambalo mfupa wake ulikuwa umeliwa hadi nchani. Nusu waliotesha, nusu waling'oa na kuweka jino bandia. Kati ya yaliyooteshwa, asilimia 88 yalikuwa bado mdomoni baada ya miaka hiyo. Lakini hao walikuwa wagonjwa waliochaguliwa, wakafanyiwa kazi na mikono yenye uzoefu mkubwa, na wakaitwa kusafishwa kwa ratiba kali. Usipangiwe jino lako kwa asilimia hiyo kama huna ratiba hiyo.

Kung'oa nako kuna wakati wake: jino lililopasuka mzizi, panda iliyotoboka pande zote na isiyosafishika, jino lisilo na mwenza wa kutafuna naye, au mgonjwa ambaye kwa sababu zake halali hawezi kurudi kliniki mara nne kwa mwaka. Pandikizi la titani, yaani mzizi bandia wa chuma unaopandwa tayani, nalo si njia ya kulikwepa gonjwa hili. Bakteria wale wale hula mfupa wa pandikizi, na hapo matibabu ni magumu zaidi. Anayepandikiziwa kwenye kinywa ambacho fizi zake hazijatibiwa atarudi kiti kile kile, na safari hii kwa bei kubwa zaidi.

Weka picha zako za eksirei za kabla na za baada, pamoja na kadi ya milimita, kwenye simu na kwa barua pepe. Daktari atakayekuona miaka mitano ijayo, Mwanza au Muscat, hawezi kujua kama mfupa anaouona unapanda au unashuka asipokuwa na picha ya kulinganisha.